Viti vya Wakwe

Jeneza la mama lililetwa likiwa halijakauka vizuri. Fundi alikuwa ameahidi kulileta asubuhi, lakini mafundi wa mtaa wa Isevya na ahadi zao tunawajua, na lilipofika mchana juu ya mkokoteni, vanishi ilikuwa bado inanata vidoleni. Harufu ikajaa ukumbi mzima. Wanawake waliokaa mkekani walijifunika pua kwa khanga, mmoja akalalamika kwamba kichwa kinamgonga. Mimi sikujifunika. Nilivuta pumzi nikaijaza kifua, na pale pale, na mvi zangu zote, nikawa tena binti wa darasa la pili aliyeshikwa mkono na mamaye, tunapanda ngazi za duka kubwa la samani, na mama ananinong'oneza nisiguse kitu.

Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa habari za viti. Siku hizi mtoto anarukia kochi na viatu vyake na hakuna anayemkemea, lakini sisi tulikulia kwenye mikeka na vigoda, na kiti chenye mgongo kilikuwa mali ya baba wa nyumba. Kwetu kilikuwepo kimoja. Mgeni akija, baba alimpisha, yeye akahamia kwenye sanduku la mbao lililowahi kubebea sabuni. Wakija wageni wawili, ndipo jina langu lilipoitwa, maana kazi ya kuazima viti ilikuwa yangu, mimi binti wa pili, na sijapata kuichukia kazi yoyote kiasi kile, hata ya kuchota maji.

Viti vilikuwa kwa Mama Zuhura, jirani yetu, ambaye mumewe aliuza nguo sokoni. Nimtendee haki, hakuwa mchoyo. Aliazima, ila aliazima kwa masharti na kwa sauti. "Mwambie mama yako viti vyangu havikaliwi na mtu mnene," ananiambia nimekwisha kujitwisha kimoja kichwani, na barabara nzima inasikia. Siku moja alitutembelea katekista kutoka Usinge, kijijini kwa wazazi wangu, mtu mzima wa heshima zake. Hajamaliza chai, Mama Zuhura huyo mlangoni. "Samahani sana, baba, nyanyuka kidogo, nami nimepata mgeni." Katekista akanyanyuka na kikombe chake mkononi, akabaki amesimama katikati ya chumba kama mtu anayengoja treni, na kiti kikaondoka. Mama aliendelea kupanga sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Basi dada yangu Tekla akapata mchumba. Walikuwa watu wa Nzega, wakulima wa pamba wenye jina lao, na mshenga alipokuja kusema kwamba wazee wa upande ule watafika wenyewe kuzungumza, furaha ya mama ilidumu mpaka alipoutupia macho ukumbi wetu. Jioni nilimsikia akimwambia baba uani.

"Baba Tekla, wale si wageni tu, ni wakwe. Siwezi kuwakalisha kwenye viti vya watu. Yule mwanamke akija kumnyanyua mkwe wangu mbele ya macho yangu, sitakuwa na uso wa kumtazama mtu tena Tabora hii."

"Viti vitapatikana," baba akasema.

"Kwa nani?"

"Vyetu."

Baba alikuwa mpakiaji kwenye ghala la reli. Karanga, asali, nta na ngozi zilizoteremka kwenda pwani zilipita begani mwake, na vitu vilivyopanda kutoka pwani vilipita begani mwake pia, yakiwemo makreti ya duka lile la samani. Kwa miaka aliyashusha makreti yale kutoka kwenye mabehewa, akayakabidhi kwa watu wa duka, asijue kilichomo. Mama angetosheka na viti vya fundi wa sokoni, naye fundi alikuwa tayari kuvitengeneza. Baba akakataa katakata. Alitaka kuingia duka lile kwa mlango wa mbele, mkewe pembeni, aulizwe anataka nini. Nadhani jambo hilo alikuwa ameliwaza kwa muda mrefu bila kumwambia mtu. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa nilisoma shule ya misheni, na baba aliamini kwamba mahali kama pale hapakosi maandishi.

Mama alivaa khanga zake mpya, zile alizokuwa akizitunza kwa ajili ya Pasaka. Baba alivaa koti la kaki lililopigwa pasi mpaka mikono yake ikakataa kukunjika. Njia nzima walitembea jinsi walivyozoea, baba mbele, mama nyuma yake kidogo, lakini tulipolikaribia duka baba alipunguza mwendo akamngoja, wakawa sambamba. Mama alishtuka. Alijitengeneza khanga ya kichwani, akaangalia huku na huku kuona kama kuna mtu anayewafahamu.

Duka lilikuwa na madirisha ya kioo yaliyoanzia karibu na ardhi, na nyuma ya kioo palikuwa na meza iliyoandaliwa kwa chakula, sahani, vijiko na vyote, bila chakula wala watu. Mama alisimama pale kwa muda. Aliuliza wenyewe wamekwenda wapi, baba akamwambia hawapo, ni maonyesho tu. Mlangoni mama akapiga hodi. Aliipiga vizuri, kwa sauti ile laini ya mtu aliyefundishwa kwao, akangoja. "Dukani hakubishwi hodi," baba akamnong'oneza, tukaingia. Hapo ndipo harufu iliponipokea, vanishi na mbao mpya na kitu kingine kitamu ambacho baadaye nilikuja kujua ni nta ya kung'arishia, pengine nta ileile iliyopita begani mwa baba ikielekea kwingine.

Ndani palikuwa kimya na baridi. Feni ilizunguka juu polepole. Kulikuwa na vitanda vyenye magodoro ambavyo hakuna aliyevilalia, makabati marefu yenye vioo milangoni, meza zilizopandana, na katikati ya yote zulia kubwa jekundu lenye maua, juu yake vimepangwa viti. Mwenye duka alikuwa kwenye kaunta upande wa nyuma, amevaa miwani. Mzungu wa bomani na mkewe walikuwa wakiipima meza kwa mikono. Aliyetufuata sisi alikuwa kijana Mwafrika, karani wa duka, mwenye tai na nywele zilizochanwa mstari pembeni. Nilimtambua mara moja. Alikuwa kaka yake Agnesi, msichana aliyekaa dawati la mbele yangu darasani, mtoto mwenye ulimi ambao hata masista walikuwa wakiuogopa.

"Karibuni," akasema. "Mnatafuta nini?"

"Viti," baba akajibu. "Vinne. Vya sebuleni." Neno hilo la sebuleni hatukuwa tukilitumia nyumbani.

Karani akatupeleka kwenye zulia. Baba aliuliza kama ni mninga au mvule, akagonga mguu wa kiti kwa kidole, akainama kutazama kwa chini, na karani akaanza kumjibu kwa adabu, maana aliona huyu mtu anajua mbao. Mama alisimama kando. Aliuangalia mgongo wa kiti na mto wake wa kitambaa cha rangi ya zambarau, na usoni mwake niliona kwamba ameshamwona mkwe wake amekaa pale, ameegemea, na hakuna wa kumnyanyua.

"Kiti hakinunuliwi kwa macho," karani akasema. "Mzee, hebu kaa."

Baba akakaa. Alikaa ukingoni, mikono juu ya magoti, halafu akajisogeza nyuma kidogo, na nikaona tabasamu likimtoka bila ruhusa yake.

"Na wewe mama, kaa."

Mama akacheka kwa aibu, mkono mdomoni, akatikisa kichwa.

"Kaa, mama, usiogope. Hakiumi hiki." Sasa karani aliongeza sauti, maana yule Mzungu na mkewe walikuwa wamegeuka kutazama, na mwenye duka naye ameinua miwani, na kijana alitaka waone anavyowashughulikia wateja. "Kaa! Dukani kwetu mteja hasimami."

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa anautazama mkono wa kiti chake. Mama akakitazama kiti kilichokuwa mbele yake, akamtazama tena karani aliyekuwa amenyoosha mkono kumwelekeza, kisha akakusanya khanga zake, akapiga goti, akakaa. Alikaa chini, juu ya zulia, pembeni mwa kiti. Akanyoosha miguu mbele yake, akaifunika vizuri, akaweka mikono mapajani, kama alivyokaa nyumbani na msibani na kila mahali alipokuwa na heshima ya kukaa.

 Halafu mke wa yule Mzungu akasema neno kwa lugha yao, mumewe akageukia ukuta mabega yakimtikisika, na karani akapasua kicheko. "Loo! Huyu mama katoka pori gani? Kiti anakiogopa!" Alisema kwa Kiswahili ili sisi tusikie, kisha akatafsiri kwa Kiingereza ili wale nao wasikose.

Sijui nilifikaje nyuma ya kabati. Nakumbuka mbao baridi shavuni. Nilichungulia nikamwona baba ameinuka kwenye kiti, amekwenda kwenye kabati jingine la kioo, anaufungua mlango na kuufunga, anaufungua na kuufunga, akichunguza bawaba kama mtu aliyekuja kununua kabati na kuja peke yake. Mama alikuwa amebaki palepale zuliani. Hakuinuka. Aliangalia vidole vyake. Niliomba ardhi ipasuke, na ninakiri sikuwa naomba initumbukize mimi, nilikuwa naomba immeze yeye, yeye na khanga zake za Pasaka, asiyejua hata kiti ni cha kufanyia nini.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mtu mfupi mwenye kipara, fulana imelowa jasho, amebeba mbao za kitanda begani. Alikuwa mbebaji wa duka, na jina lake, nililijua baadaye, ni Salehe. Alisimama, akaangalia zuliani, akamwangalia karani aliyekuwa bado anacheka, akamwona baba kule kwenye kioo. Akatua mbao zake chini kwa kishindo.

"Aaa! Nani kawaruhusu Wanyamwezi kuingia humu?" akapiga kelele. "Bwana, umefunga mlango wa mbele au umeacha wazi? Wapagazi wangu hawa! Babu ya huyu alimbebea babu yangu mizigo mpaka pwani, kufika akaiona bahari, akauliza, ng'ombe wa nani watakaoyamaliza maji yote haya?"

Mzungu akageuka tena. Karani akaacha kucheka, hajui afanye nini. Salehe akatembea moja kwa moja mpaka pale alipokaa mama, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Na wewe, sogea! Zulia zima umelijaza peke yako, umelirithi kwa nani? Sogea na mimi nikae. Toka asubuhi nabeba vitanda vya watu." Akajibwaga chini kando ya mama na jasho lake lote, akanyoosha miguu vilevile kama yeye, akajipangusa kipara kwa kiganja. "Lete chai!" akamwamuru karani. "Huoni wazee wamekaa?"

Sasa watu wakacheka kweli. Hata mwenye duka alicheka kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye mwenye duka. Mke wa Mzungu alicheka mpaka akashika meza. Mama naye niliona mabega yanamtikisika, khanga ameivuta mdomoni. Na baba, ambaye nilikuwa nangoja aje amkunje yule mtu fulana amtupe nje, aligeuka kutoka kwenye kabati, uso umefunguka, akaja anacheka.

"Babu yako wewe," akasema, "mzigo wenyewe aliungoja amelala chini ya mnazi, mdomo wazi, akitegemea dafu lidondoke lenyewe! Mpaka leo hamjajua kutafuna, mnajua kunywa tu!"

"Mtumwa wangu ananijibu!" Salehe akapaza sauti. "Jamani, mmesikia? Ananijibu!"

Mwenye duka akajikumbuka. "Salehe! Simama! Nakulipa ukae juu ya zulia la mauzo? Na fulana hiyo! Simama, au leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa!" Kicheko kikakatika. Salehe akainuka taratibu, akajikung'uta, akampa mama mkono akamwinua, huku bado anamtukana baba kwa sauti ya chini. Baba alinunua viti vinne bila kubishana bei, yeye ambaye aliweza kubishania fungu la mchicha mpaka muuzaji akaomba radhi. Mimi nilitoka nyuma ya kabati tulipokuwa tunaondoka, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Njia nzima ya kurudi wazazi wangu walizungumza na kucheka. Mimi nilikuwa nawaka moto. Niliyoyaona kwa macho yangu yalikuwa wazi: mama hakujua kiti, mtu mchafu amekuja kumwigiza mbele ya Wazungu, na baba yangu mzazi, badala ya kumtetea mkewe, amesimama na kucheka na yule aliyemdhihaki. Siku ile baba alikuwa mdogo machoni pangu. Nilitembea nyuma yake, mbali, kama simjui.

Jioni Salehe mwenyewe ndiye aliyeleta viti kwa mkokoteni. Alivipanga ukumbini, akakataa chai, kisha akatoka uani akamkamata jogoo wetu mwekundu, akamtia kwapani, akaondoka naye mbele ya macho yetu. "Mwizi huyo! Mzaramo huyo! Mkamateni!" mama alikuwa anapiga kelele mlangoni, na anacheka mpaka machozi. Hakuna aliyemkamata. Baba aliniambia nimwamkie mzee.  Shikamoo yangu haikutoka, si siku ile wala kila alipopita kwetu kwa miezi mingi baadaye.

Kumbe mabaya yalikuwa yananingoja shuleni. Agnesi alikuwa amesimuliwa yote na kaka yake. Asubuhi moja, kabla sista hajaingia, alisimama mbele ya darasa, akasema "Karibu mama, kaa," akajijibu kwa kicheko cha aibu mkono mdomoni, kisha akakusanya sketi yake akakaa chini kando ya dawati, miguu ameinyoosha. Alikuwa hodari wa kuigiza, siwezi kumnyima. Alimpata mama hata vidole alivyoviangalia. Darasa likavunjika mbavu. Mimi nilimrukia nikamng'ata bega, na walitutenganisha damu imekwisha kutoka.

Nilipewa adhabu ya kulima bustani ya masista, na nilikataa kusema kwa nini nimemng'ata mwenzangu. Ningesemaje? Baba aliitwa. Alikuja na nguo za kazini, vumbi la magunia mabegani, akaongea na sista, kisha akaja akasimama pembeni mwa tuta nililokuwa nalima.

"Amekufanya nini yule mtoto?"

Nikamwambia. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kulia na hasira imenipanda, nikamwambia na lile jingine. "Na wewe ulicheka. Yule mtu alimtukana mama, na wewe ukacheka naye."

Baba alichuchumaa. Alichukua bonge la udongo, akalivunjavunja mkononi.

"Salehe ni Mzaramo," akasema. "Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara. Wazee wetu walitembea njia moja kutoka hapa mpaka pwani, wakiuguzana, wakizikana. Mtani akikutukana hujakosewa. Akikuchukulia kuku hujaibiwa. Mimi na yule tunatukanana stesheni kila akija kuchukua makreti. Ungekuwa mkubwa ungeona alichokifanya. Watu walikuwa wanamcheka mama yako. Alipomaliza, walikuwa wanamcheka yeye."

Nilishika jembe bila kulima. "Lakini kwa nini mama akae chini? Hajui kiti?"

"Kanisani mama yako anakaa wapi kila Jumapili?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Anakaa kwenye benchi, kama watu wote.

"Viti vile ni vya mkwe wake," baba akaendelea. "Kwetu Unyamwezi mama mkwe hakalii kiti atakachokalia mkwe, wala hagusi kitanda chake. Si mchezo ule. Sasa yule kijana anamwambia kaa, kaa. Kukalia kiti hawezi. Kumkatalia mwenyeji anayekukaribisha, hawezi pia. Akapata njia ya kuwaheshimu wote wawili. Wewe ungefanyaje?"

"Basi wewe si ulikuwa unajua? Si ungemwambia yule karani?"

"Ningemwambia," baba akasema. Akafungua kiganja akaacha udongo uanguke. "Ningemwambia." Kisha akainuka, akasema kuna behewa linamngoja, akaniamuru nilime vizuri nisiwape masista sababu nyingine. Niliona haraka yake imekuja ghafla, lakini nilikuwa mtoto na nilikuwa nimepata jibu nililolitaka.

Wakwe walikuja. Walikuwa wazee wanne wa Nzega, na kila mmoja alikaa kwenye kiti chake, akaegemea, akanywa chai mpaka mwisho, na Mama Zuhura alipita barabarani makusudi na kutazama ndani, akapita tena. Mama hakuonekana, kama ilivyompasa. Alikuwa chumbani nyuma ya pazia, mkekani, sikio amelielekeza ukumbini, na mimi niliyekuwa naye niliona kila kiti kilipolia chini ya mzee wa Nzega uso wake ulivyong'aa. Maneno yakaenda vizuri. Tekla akaolewa, akazaa, akanenepa. Viti vile vilidumu mpaka mito ikachakaa ikabadilishwa, na sijawahi kumwona mama amekikalia hata kimoja.

Kwa hiyo mambo yakawa yamekaa sawa kichwani mwangu, na kisa cha duka kikageuka kuwa kicheko cha ukoo. Nilikuwa hodari wa kukisimulia. Nilipokuwa mtu mzima, na mama amezeeka na amehamia kwangu, nilikuwa nawaigizia wajukuu wake: hodi mlangoni, karani na tai yake, Salehe na kipara chake. Alasiri moja, siku si nyingi kabla hajaanza kuugua, nilikuwa nakisimulia kwa mara nyingine, watoto wanagaragara kwa kicheko, naye yuko mkekani kando yangu anamenya karanga. Baba alikuwa amekwisha kufa zamani. Watoto walipotoka kwenda kucheza, mama akasema bila kuinua macho:

"Unakisimulia vizuri. Ila wewe unakisimulia kwa waliosimama."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Ukikaa chini dukani huoni sura za watu," akasema. "Unaona miguu. Nilimtafuta baba yako kwa viatu vyake vya reli. Nikaviona kule, visigino vimenielekea mimi, ncha zinatazama kabati. Nikakutafuta wewe. Ulikuwa na raba zako za shule. Niliona moja tu inachomoza nyuma ya kabati, halafu nayo ikavutwa ndani." Alipepeta maganda kwenye ungo, akapuliza. "Nilijua wanacheka. Kucheka kwa wale hakukuniuma, wale siwajui. Nilikaa pale nangoja miguu ya mtu wangu. Ikaja miguu peku, imepasuka, ya Mzaramo."

 Miaka yote ile nilikuwa nimeona haya kwa ajili yake. "Mama," nikasema, "nilikuwa mtoto."

"Najua. Ndiyo maana wewe sikukuuliza. Baba yako nilimuuliza."

"Lini?"

"Usiku waliokuja wakwe. Walipoondoka."

"Akasemaje?"

Mama alichukua karanga nyingine, akaibana kwa vidole mpaka ikapasuka.

"Hakusema kitu. Alilia, mwanangu. Alilia mpaka nikajuta kumuuliza."